Limau Bichi Kwenye Kola

SEHEMU YA TANO

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama chumbani, shati la mume wangu nimelikandamiza usoni, navuta pumzi kama mbwa wa polisi. Wengi mmenitumia ujumbe: "Mama Mapacha, ulinusa nini?"

Nilinusa limau. Limau bichi, la sasa hivi.

Kwa aliyenikuta njiani leo, nimweleze upesi. Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Mume wangu, Baba Mapacha, ni fundi wa mafriji. Nilipojifungua mapacha wetu aliniletea marashi, chupa ya njano yenye kifuniko cheupe, na tangu hapo kila ikiisha analeta nyingine. Sasa nina mimba tena na sijamwambia mtu. Mimba hii imeyachukia marashi yale chuki ya kufa mtu. Nimeacha kujipulizia, na chupa nimeitia ndani ya soksi nikaifungia kabatini. Na bado mume wangu anarudi nyumbani ananukia marashi yaleyale.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana kesi yote imelala hapa.

Ukiyapuliza tu, linatangulia limau. Linakupiga puani kama mtu amelimenya mbele ya uso wako, na ganda la chenza kwa nyuma yake. Watu wanageuka. Lakini limau lenyewe halina maisha. Ukishavaa, ukafunga viatu, ukatafuta funguo, limeanza kuaga. Yanabaki maua, ua la mchungwa na yasmini, matamu ya heshima, na hayo yanakaa mpaka mchana. Yakichoka maua, kinachobaki kwenye ngozi yangu mimi, na joto lile la pasi, ni yale maji ya chombo cha maua kilichosahaulika mezani wiki nzima. Yale yenye utelezi. Zamani sikuyasikia. Siku hizi nikiyafikiria tu, mate yananijaa.

Na pua yangu si ya jana. Mvuke wa pasi hauna adabu, hautunzi siri ya mtu. Nimepiga pasi kola za watu wakubwa wanaosalimiwa kwa kuinamiwa, na mvuke ukanipandishia jasho la juzi, vitunguu, sigara, mafuta ya nywele yaliyochacha. Wanawake wanaoringa barabarani, najua blauzi zao zikoje kwapani. Kwa hiyo nikikwambia limau kwenye shati lile lilikuwa bichi, usinibishie. Kuna mtu alikuwa amejipulizia muda huohuo, kisha akamkumbatia mume wangu kabla limau halijafa.

Nilitoka na shati mkononi. Baba Mapacha alikuwa amekaa sebuleni, miguu juu ya meza, anakula karanga.

"Baba Mapacha, unanukia."

"Si ndiyo raha ya kuoa," akasema. "Mke akikukumbatia anakuachia harufu yake."

"Leo hujanikumbatia."

"Basi shati limelala na nguo zako kabatini."

"Shati hili nimelitoa kwenye kamba leo asubuhi, ukalivaa likiwa na joto la pasi."

Akatupia karanga mdomoni, akatafuna taratibu. "Mama Mapacha, marashi yale ndiyo tabia yake. Mepesi, ya mchana, yanafaa kazini. Hayamgombezi mtu. Yanamkubali mwanamke yeyote."

Yeyote?

Nikarudi chumbani nikakaa kitandani. Ndipo ujanja wake ukanifungukia wote kwa mpigo, nikahisi kama nimemeza nzi. Mwanaume anayerudi nyumbani na harufu ngeni huulizwa. Anayerudi ananukia marashi ya mkewe, nani atamuuliza? Kumbe miaka yote ile niliyokuwa nikijisifu kwa mawifi, "mume wangu ananijali, chupa haijawahi kuisha," alikuwa ananivisha sare! Alichagua marashi mamoja, akampa kila mwanamke wake, ili sote tunuke sawa na yeye asinuke kosa. Khaa! Hata mwizi wa kuku ana haya kidogo.

Nikajishika tumbo, nikajiapiza. Huyu mtoto baba yake hatasikia habari zake mpaka nijue limau lile ni la nani. Nikijua, ndipo nitaamua kama namzalia ndani ya nyumba hii au nafungasha mapacha wangu na tumbo langu naondoka. Nililia kidogo. Kisha nikaosha uso, nikapika.

Sasa, mimi si mjinga. Limau halisafiri. Mume wangu hunifuata kazini kila jioni, tunarudi pamoja kwa miguu, mwendo mfupi tu. Kwa hiyo huyo mwanamke yuko karibu na duka, karibu sana. Na mtu wa mwisho anayesimama naye kabla ya kunifikia nilimjua. Ni Fundi.

Fundi ni mama mmoja mshonaji, cherehani yake iko barazani ng'ambo ya barabara, mkabala na duka letu. Kila siku mume wangu ana kifungo kilicholegea. Kila siku! Mimi mkewe napiga pasi mashati yake, vifungo vyote vimekaa imara kama misumari. Vinalegea wapi?

Asubuhi nikavuka barabara kabla sijafungua mlango wa kazini. Wateja wake walikuwa wameshakaa kwenye benchi wanasubiri kupimwa.

"Fundi, nyoosha shingo."

"Hujambo na wewe, Mama Mapacha."

"Nimesema nyoosha shingo nikunuse."

Benchi zima likatugeukia. Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani, akavua miwani, akanyoosha shingo. "Nusa, mama. Ukimaliza hapo nikupe na kwapa?"

Wakacheka. Mimi nimeshapanda, sishuki. Nikanusa. Mafuta ya cherehani. Vitunguu vya jana. Nikarudi nyuma hatua mbili nimejiziba mdomo.

"Umeoga ukayatoa," nikasema. "Mwizi wa waume za watu wewe! Vifungo gani hivyo visivyokwisha? Marashi anayokupa ni yangu, nakwambia, ni yangu!"

"Marashi?" Fundi akawageukia wateja wake. "Jamani, mwambieni."

"Huyu na marashi?" akasema mama mmoja mnene. "Juzi mimi alinirudisha nyumbani nikaoge kwanza ndipo anipime."

"Napiga chafya mpaka uzi unachomoka kwenye sindano," Fundi akasema. "Nikae na marashi mwilini, mimi? Nishone saa ngapi?"

Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe, nikajifunika. Nikabaki nimesimama pale, watu wananikodolea macho. Nikaanza, "Fundi, samahani, mimi…"

"Keti."

Nikaketi. Akainama sikioni kwangu, sauti ya chini.

"Mimi ya watu siyaingilii. Lakini umenivua nguo mbele ya wateja wangu, basi na mimi nitakwambia, na baada ya hapo tusijuane mpaka hasira ziniishe. Mumeo akisimama hapa jioni ananuka gesi ya friji na jasho. Nashika kifungo chake, sipigi hata chafya moja. Anavuka, anaingia kwenu. Mkitoka wawili mkipita hapa mbele, haa! Nashikwa na chafya mpaka natokwa machozi. Jana hivyo, juzi hivyo. Mimi siku zote nilidhani ni wewe."

"Mimi nimeacha kujipulizia, Fundi. Wiki ya tatu hii."

Tukatazamana.

"Basi," akasema, akavaa miwani yake, "anapakwa humohumo ndani kwenu."

Nilivuka barabara bila kutazama magari.

Ndani kwetu tuko watu wachache. Nyuma kwenye mashine yuko Mzee Povu, yeye na sabuni zake, na huyo tumwache. Mbele kwenye kaunta yuko Kidoti, binti wa bosi wetu, amemaliza chuo mwaka huu na mwanzoni mwa mwezi akaja kumsaidia mama yake. Ni yeye anayepokea nguo na anayeshika ufunguo wa stoo ya nguo safi. Katikati niko mimi na meza yangu ya pasi. Mwisho wa korido iko ofisi ya bosi mwenyewe, Madamu, mjane mwenye sauti ya kuamrisha na viatu vya kulia ko, ko, ko.

Kidoti nilimtoa kwenye orodha hapohapo. Msichana ananiita mimi shangazi na mume wangu anamwita anko. Nani akabaki?

Na nikakumbuka feni.

Feni ya ofisini kwa Madamu ilikuwa mbovu tangu mwaka jana. "Baba Mapacha, hebu nitazamie feni," Madamu huita, na mume wangu huenda na bisibisi yake. Anatoka, wiki haiishi feni imerudi kuumwa. Na mimi nikicheka na Mzee Povu, "Feni ya Madamu ina ugonjwa sugu." Nikicheka, jamani! Na marashi yake Madamu sikuwahi kuyasikia, kwa sababu na mimi nilikuwa nayo mwilini. Nani ananusa harufu yake mwenyewe?

Siku ile nilipiga pasi kama ninayepigana. Madamu hakutoka ofisini. Niliusikiliza mlango wake siku nzima.

Jioni Baba Mapacha akaingia, anapiga mluzi. Nikaiacha pasi nikamkimbilia, nikamkumbatia mbele ya wote, pua nimeizamisha kwenye kola.

"Leo kulikoni?" akacheka. "Nimeshinda bahati nasibu?"

Gesi. Jasho. Kutu. Hakuna limau hata tone. Fundi hakunidanganya.

"Nimekumisi tu," nikasema.

"Malizia shati hilo tuondoke. Ngoja nikatazame feni ya Madamu mara moja."

Akapotelea koridoni. Nikarudi mezani. Nilishika pasi nikaiweka juu ya shati jeupe la mteja, masikio yangu yako koridoni, na ile pasi nikaisahau. Nilizinduka na moshi. Alama ya pasi imekaa mgongoni pa shati, rangi ya chai. Sikuwahi kuchoma nguo ya mtu tangu nianze kazi.

"Kuna kinachoungua?" Akatokea pembeni yangu, anajipangusa midomo. "Twende?"

Na limau likanipiga.

Mungu wangu, lilivyokuwa bichi! Ningefumba macho ningedhani mtu analikamua usoni kwangu. Kola yake, kidevu chake, mikono yake. Limau juu ya jasho, juu ya gesi ya friji. Mate ya chumvi yakanijaa mdomoni. Hivi vidole vinavyonukia hivi ndivyo vingenimegea tonge usiku.

"Nisubiri nje kwenye benchi," nikamwambia. "Nimechoma shati, nikaombe radhi kwa Madamu."

Sikubisha hodi.

Madamu alikuwa amekaa dirishani, dirisha limefunguliwa wazi, anatafuna kipande cha tangawizi. Amekonda usoni. Chini ya meza iko ndoo.

"Umechoma kitu," akasema bila kugeuka. "Nimesikia harufu."

"Feni imepona, Madamu?"

"Feni gani?"

"Hiyo mume wangu aliyotoka kuitengeneza sasa hivi."

Akaitazama feni juu. Imesimama, vumbi limeshika kila panga. "Mumeo? Leo hajaingia humu. Wiki hii nzima hajaingia, nimemkataza asi…"

Akajiuma ulimi. Amechelewa.

"Umemkataza," nikasema. "Kwa hiyo alikuwa anaingia."

Madamu yule, anayefoka mpaka Mzee Povu anamwaga sabuni, akashindwa kunitazama. "Funga mlango, Mama Mapacha."

Nikaufunga. "Lete mkono."

Akautoa kama mtoto anayechapwa. Nikanusa kifundo. Sabuni ya kipande. Tangawizi. Nikanusa na shingo, sikumwomba ruhusa. Hamna kitu.

Akafungua droo. Akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo juu ya mafundo, na ndani yake nikaiona. Chupa ya njano. Kifuniko cheupe.

"Unatafuta hii?"

Vidole vyake vikaenda kwenye fundo la kwanza.

"Usiifungue!" nikasema. "Siifungui!" akasema papo hapo, na kila mmoja akajiziba pua.

Tukatazamana juu ya viganja vyetu. Sikuelewa bado. Nilikuwa na hasira, na hasira haina akili.

"Alikwambiaje alipokuletea?" nikamuuliza.

"Kwamba ni mepesi. Ya mchana. Yanafaa kazini."

Nilicheka. Kicheko kibaya, hata mimi kilinitisha. "Hata maneno hakubadilisha! Mvivu yule, hata kudanganya anadanganya kwa kunakili! Na kuhusu mimi alisema nini?"

"Kwamba nyinyi mnaishi pamoja kwa ajili ya watoto tu. Kwamba hamgusani."

"Hatugusani? Madamu, Jumapili amenikata kucha za miguu!"

Akafunika uso. Nilitaka nimzabe kofi, nakwambieni kweli, mkono ulishanyanyuka. Mimi mtu niliyemheshimu, niliyempigia pasi mpaka shuka zake za kitandani, na sasa nikazifikiria zile shuka, nikafikiria nilivyozikunja kwa uangalifu kona kwa kona, nikahisi uchafu umenipanda mpaka viwikoni.

"Shuka zako nilikuwa nazipiga pasi," nikasema. "Mikono yangu hii."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Shuka za pamba au zile za maua?"

Machozi yakamtoka, makubwa, ya mtu mzima.

"Umeacha lini kuyapuliza?" nikamuuliza.

"Tangu nianze kuumwa. Nikiyasikia natapika. Nikajua ni umri, Mama Mapacha. Siku zangu zilipokatika nikasema basi, nimeingia ukomo, nimshukuru Mungu nipumzike. Kumbe siendi kwenye ukomo, naenda kliniki." Akapangusa pua. "Nina mimba. Na umri wangu huu, na binti yangu mkubwa vile. Nina mimba ya mumeo."

Mkono wangu ulioinuliwa ukashuka wenyewe.

"Na wewe," akasema polepole, "leo nimesikia unamwambia Mzee Povu umeacha marashi. Uliacha kwa nini?"

Nikatazama feni.

"Mama Mapacha?"

Nikaendelea kutazama feni.

"Uuuwi," akasema. "Na wewe pia."

Nje nilisikia mume wangu anapiga mluzi kwenye benchi, ametulia, mtu asiye na deni na dunia. Na kwa kuwa ofisi ilikuwa imetulia, akili yangu ikarudi, na ikarudi na swali.

"Madamu. Leo hajaingia humu?"

"Nakuapia kwa mtoto wangu."

"Amekuja ananuka gesi. Nimemnusa mwenyewe mlangoni. Ameondoka kidogo, amerudi amelowa limau bichi. Mimi sijajipulizia. Wewe hujajipulizia."

"Nilidhani ni wewe," akasema. "Nilipokuwa namsikia akipita hapo nje ananukia, nilijua ni wewe."

"Na mimi nilijua ni wewe. Basi leo amepakwa na nani?"

Korido ile ina milango miwili tu. Mmoja wa ofisi. Mmoja wa stoo ya nguo safi, na ufunguo wake anao mtu mmoja.

Nilimwona Madamu akifika pale nilipofika. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu. Akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Mwanangu hapana," akasema. "Mama Mapacha, mwanangu anamwita anko."

"Na mimi ananiita shangazi."

"Kama ni yeye… nakuomba. Nitukane mimi, niondoe mimi mjini, lakini hili la tumbo langu asilijue. Asijue kamwe mama yake na yeye wamechangia mwanaume. Niahidi."

Sikuahidi. Sikukataa pia. Nilikuwa namhurumia na ananitia kinyaa, vyote kwa wakati mmoja, na sikujua kipi kitangulie.

Madamu akavuta pumzi, akaita kwa ile sauti yake ya zamani. "Kidoti!"

"Abee, mama!"

Limau lilifika kabla yake. Mlango ulipofunguka tu likaingia, bichi, kali, na chenza kwa nyuma, na maua yameshaanza kuchungulia. Mchana kutwa hakuwa nayo; kumbe hujipulizia jioni tu, humo stoo. Nikabana meno. Kidoti akasimama mlangoni anatabasamu, kola ya blauzi imegeukia ndani, nywele zina uzi mweupe wa taulo.

"Lete mkono," mama yake akasema.

Kidoti akaniangalia mimi, kisha mama yake. Tabasamu likamtoka. Akaiweka mikono yote nyuma.

"Mama, mkono wa nini?"

"Lete mkono, nakwambia!"

"Ni marashi tu! Nimenunua mwenyewe!"

"Nani kakuuliza habari za marashi?" nikasema.

Nilitazama shavu lake laini, nikakumbuka alivyonipokea mzigo wa nguo asubuhi, "pole na kazi, shangazi." Nikahisi nimekula kitu kilichooza na sijui nimekila saa ngapi.

Hapohapo nyuma yake ukaja mluzi.

"Jamani, mbona mmejifungia?" Baba Mapacha akamsogeza Kidoti kwa bega, akaingia, ametanua tabasamu mpaka masikioni. "Mama Mapacha, twende, watoto wanasubiri. Madamu, shati msamehe, ataliloweka. Mbona mmekaa kama mko msibani?"

Akaufunga mlango nyuma yake.

Chumba ni kidogo. Feni haizunguki. Limau la Kidoti likakutana na limau la mume wangu, na chini yake gesi, na jasho, na ile nyingine ninayoijua mimi, maji ya chombo cha maua, yale yenye utelezi. Nikafungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu yote, na ya kwanza yalikuwa "naondoka."

Hayakutoka maneno.

Niliiwahi ndoo ya Madamu chini ya meza, nikapiga magoti, nikatapika mpaka macho yakaona giza. Yalitoka ya asubuhi, yakatoka ya mchana, kisha nyongo tupu.

Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa ananitazama. Yule mtu aliniona nikiubeba ujauzito wa mapacha, kutapika kwangu anakujua. Uso wake ukaanza kuchanua taratibu, furaha ya kweli kabisa, akapiga makofi na kuchuchumaa kando yangu, na ile mikono yake inayonukia akaniwekea mgongoni.

"Mama Mapacha," akasema. "Usiniambie! Tena?"

Nikasikia kiti kinaanguka nyuma yangu. Madamu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, anatikisa kichwa, hapana, hapana, anajizuia kwa nguvu zake zote. Akashindwa. Akanisukuma pembeni, akaikumbatia ndoo.

Mkono wa mume wangu ukaganda mgongoni kwangu. Alimtazama Madamu. Akanitazama mimi. Furaha ikabaki usoni mwake haina pa kwenda.

Madamu alitapika muda mrefu. Hakuna aliyesogea.

Kisha Kidoti akasogea hatua moja, mikono yake sasa iko mbele, ameisahau, imening'inia tu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Shangazi ana mimba. Wewe unatapika nini?"